Baiskeli Mbili Zilizopunguzwa Bei, na Mfuko wa Karani



Katika mkutano wetu uliopita, mambo ya ada na ya mahudhurio yalipokwisha, ndugu mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengine walilicheka. Aliuliza hivi: mtu mwenye fedha kidogo akikuta dukani baiskeli mbili za mbio, zote mbili zimepunguzwa bei, achague ipi? Mwenyekiti akajibu ya kuwa swali hilo halimo katika shughuli za siku ile, nalo likaachwa. Sisi hatukucheka. Siku tatu kabla ya mkutano tulikuwa tumesimama mjini Karatu mbele ya baiskeli mbili za namna hiyo hiyo, fedha zetu zimo katika bahasha ndani ya mfuko wa shati, wala hatukujua la kufanya. Twaomba basi nafasi katika kurasa hizi tutoe maoni yetu. Sisi si mafundi. Lakini tumekwisha kulipa, na aliyelipa ana haki ya kusema.

Wenzetu wa Endamarariek hawana haja ya kuelezwa habari za njia zetu. Wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu liingialo hata ndani ya kola ya shati. Wakati wa masika vumbi lile lile hugeuka kuwa tope lishikalo kama gundi. Kazi yatudai kwenda Karatu mara kwa mara, kupeleka taarifa, kufuata hati, na kusimama mbele ya dirisha la benki. Safari hizo tulikuwa tukizifanya kwa pikipiki za bodaboda, nasi tulikuwa tukilipa shilingi 8,000 kwenda na kurudi. Kwa safari sita za mwezi ni shilingi 48,000. Mwenzetu wa nyumbani ndiye aliyetufanyia hesabu hiyo nyuma ya daftari la mtoto, akaiacha wazi juu ya meza, wala hakusema neno. Tokea siku ile tukaanza kuweka fedha kidogo kidogo, na baada ya miezi minane tukawa na shilingi 250,000. Fedha hizo zilikuwa na wadai wengi: bati moja la jikoni linavuja, na mtoto wetu wa pili ahitaji viatu na sweta kabla ya baridi ya mwezi wa Juni. Twaeleza haya ili msomaji ajue ya kuwa hatukwenda dukani kwa kutaka mapambo.

Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Wazee wetu walioanzisha Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, waliishi katika zama ambazo karani akinunua baiskeli alinunua ile nyeusi ya Kiingereza, na ikiwa mfuko wamruhusu alinunua Raleigh ya Nottingham. Baada ya uhuru ikaja Swala, iliyoundwa Dar es Salaam katika kiwanda cha NABICO. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, mtu hakuchagua. Alishukuru kupata yo yote. Kisha zikajaa Phoenix za Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana katika India. Lakini angalieni: zote hizo ni ukoo mmoja. Gurudumu lake ni la inchi 28, spoku kwa kawaida 32 mbele na 40 nyuma, gia moja, chuma kitupu. Fundi aliyejifunza moja amejifunza zote, na tairi ya moja yaingia katika nyingine. Mtu alichagua rangi tu.

Biashara ya mtumba ndiyo iliyovuruga mambo. Leo shehena moja yashusha baiskeli za Japani, za Uholanzi, za Ujerumani na za Uingereza zikiwa zimefungwa pamoja, kila moja na kipimo chake cha tairi, kila moja na pini zake. Kati ya hizo hutoka mara moja moja baiskeli za mbio, zile zenye usukani uliojikunja chini kama pembe za kondoo dume. Hazina keria, hazina madigadi. Mkulima mwenye gunia la mahindi hazitazami mara mbili. Kwa hiyo hukaa, na zikikaa bei hushuka. Hapo ndipo karani, ambaye hana gunia bali ana mkoba wa karatasi, hujiona amepata bahati.

Hizo mbili tulizoziona zilikuwa hivi. Ya kwanza ni ya alumini, rangi ya fedha na mistari ya buluu, nyepesi hata mtu aweza kuiinua kwa vidole viwili. Gia zake ni 16, na vitu vya kubadilishia gia vimo ndani ya mikono ya breki, hata mpanda baiskeli hana haja ya kuuacha usukani. Tairi zake ni nyembamba, upana milimita 23. Bei yake ilikuwa shilingi 420,000, ikashushwa hata 320,000. Ya pili ni ya chuma, ya Kijapani, ya zamani, rangi ya kijani iliyofifia. Gia 12, nazo hubadilishwa kwa vijiti viwili vilivyofungwa juu ya bomba la chini la fremu. Tairi zake zimeandikwa 27 x 1¼. Rimu ni za chuma kilichopakwa kromi. Ina matundu madogo ya skrubu nyuma na mbele, mahali pa kufungia keria na madigadi, ijapokuwa vyenyewe havikuwapo. Bei yake ilikuwa 280,000, ikashushwa hata 210,000.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji. Moyo wetu ulikwenda kwa ile ya kwanza, wala haukuomba ruhusa. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 akamaliza amevaa fulana ya kijani, na tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, mara ya kwanza katika bara la Afrika, vijana wa ofisini hawana mazungumzo mengine wakati wa chai. Sisi nasi tuliziona picha zile za wapandaji wakipanda vilima vya Kigali juu ya mawe, umati wa watu umesimama pande zote mbili. Mtu akisha kuona hayo, kisha akaiona baiskeli ya namna ile ile ikining'inia Karatu kwa kamba, hujiona yeye mwenyewe amekwisha kuipanda. Tukaishika. Tukaizungusha pedeli. Gurudumu likazunguka kwa sauti nyembamba kama ya nyuki, nasi tukasimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Mwenye duka ni mtu mwenye macho. Akatuuliza, “Bwana karani, una kiasi gani?” Nasi, kwa ujinga, tukamwambia kweli. Akasema, “Sabini tu iliyobaki yakushinda? Mtumishi wa Serikali?” Akatuonyesha kwa kidevu chumba cha jirani, mlango wa pili, ambako mtu aweza kupewa shilingi 70,000 saa ile ile. Sharti ni kurudisha 100,000 mwisho wa mwezi, na kuacha kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri kuwa rehani.

Ndugu wanachama, hapa twataka kukaa kidogo, maana hili ndilo lililotufanya tuandike. Shilingi 30,000 juu ya 70,000 kwa mwezi mmoja ni karibu 43 kwa mia. Karani ye yote akiliona jambo hilo katika hesabu za ofisi angelizungushia wino mwekundu. Lakini tukiwa nje ya ofisi, tukiwa na kitu king'aacho mbele yetu, hesabu hutukimbia. Taratibu za utumishi zataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Kanuni hiyo ni njema na imewaokoa wengi. Walakini hulinda makato yapitayo katika orodha ya mishahara tu. Haimlindi mtu ambaye kadi yake imo katika droo ya mwingine. Mshahara wake waingia wote benki, na saa ile ile watoka, naye apewa kilichobaki kama mtoto apewavyo nauli. Watu hawakukosea walipoiita mikopo hiyo kausha damu. Twamjua mwenzetu mmoja, mtu wa bidii na kalamu safi, aliyechukua mkopo wa namna hiyo kwa ajili ya pikipiki. Pikipiki imekwisha kuuzwa, kadi haijarudi. Siku hizi anapoulizwa habari za mshahara hucheka kicheko ambacho hatupendi kukisikia.

Basi mlango wa pili hatukuuingia. Hatusemi kwamba ni kwa sababu ya hekima. Tulimkumbuka mwenzetu huyo, na tuliikumbuka hesabu iliyoachwa wazi juu ya meza. Tukamwambia mwenye duka tutarudi, tukaenda kumtafuta fundi.

Fundi wetu ni mzee wa Endamarariek ambaye ameunga baiskeli tangu enzi za Swala, naye hapendi maneno mengi. Tulimlipia nauli, akaja. Hakuitazama rangi. Kwanza aliuliza swali moja, nasi twaona kila mnunuzi yafaa aulize hilo kabla ya mengine yote: “Hii bei imeshuka kwa sababu gani?” Mwenye duka akasema ni kuwasaidia wateja. Fundi akanyamaza, akaanza kuitafuta sababu yeye mwenyewe.

Katika ile ya alumini alijaribu kupitisha kidole chake cha mwisho kati ya tairi na uma wa mbele. Kidole hakikupita. “Tope la siku moja,” akasema, “na gurudumu hili litasimama.” Akatazama vali ya mpira: nyembamba kama msumari, wala pampu ya fundi ye yote wa njia yetu haiishiki pasipo kipande maalum cha kuunganishia. Tairi ya upana ule yataka upepo mwingi sana, karibu ratili 100 kwa kila inchi ya mraba. Ukipungua, rimu huubana mpira juu ya jiwe na kuutoboa matundu mawili kwa mpigo mmoja. Mawe yetu twayajua, na miiba ya migunga twaijua. Akapiga goti nyuma, akatuonyesha kipande kidogo kiishikiliacho mashine ya gia za nyuma. Kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Kikivunjika, akasema, chahitajiwa kingine cha fremu ile ile na si cha nyingine. Na fremu yenyewe ikipata ufa, wachomeleaji wetu hawaiwezi, kwa kuwa alumini yataka mashine yake na ufundi wake. Chuma mtu aweza kukiunga hata kijijini. Mwisho akabonyeza mkono wa gia wa kulia. Ukalia mara tatu, mara ya nne ukanyamaza. Ndani ya mkono ule mna springi na meno madogo mfano wa saa. “Hapa,” akasema, “mimi sifungui.”

Sababu ya bei kushuka ikawa imepatikana.

Lakini ile ya kijani nayo haikuwa malaika. Dole gumba lilipita vizuri kati ya tairi na uma. Vali ni ile ile ya Phoenix. Vijiti vya gia havina mashine ndani, huvuta waya tu, na waya ukikatika wapatikana dukani. Hayo ni mema. Tairi zake, hata hivyo, zilikuwa zimepasuka kandokando kwa uzee, na hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo twaomba kila msomaji aliandike mahali. Namba za inchi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi hudanganya. Tairi ya Phoenix iliyoandikwa 28 x 1½ hukaa juu ya rimu ya kipenyo cha milimita 635. Ile ya 27 x 1¼ yahitaji 630. Tairi za baiskeli za mbio za siku hizi, ziitwazo 700C, zahitaji 622, ijapokuwa watu wengi huziita za inchi 28. Tofauti ya milimita 5 au 8 yaonekana ndogo kwa macho, lakini tairi ama haiingii kabisa ama huingia kisha ikatoka njiani. Namba ya kweli ni ile ndogo yenye tarakimu tatu mwishoni, kama 32-630. Mtu asiitazame namba ile atanunua tairi mara mbili.

Basi tairi ya 630 yapatikana wapi? Karatu hatukuiona mpya. Fundi akakumbuka kwamba baiskeli nyingi za mjini zitokazo Japani, zile za kikapu mbele, huvaa ama 26 x 1⅜ ama 27 x 1⅜, na hiyo ya 27 ni 630 vile vile. Kwa hiyo wauzao mtumba wa Kijapani Arusha wanazo, nazo ni pana kidogo kuliko zile za asili, jambo ambalo kwa njia zetu ni faida. Na nafasi ya dole gumba yatosha kuzipokea. Kwa ile ya alumini hapakuwa na mlango wa namna hiyo, maana tairi pana haiwezi kuingia mahali ambapo kidole hakiingii.

Kimo chake kilituzidi kidogo. Mtu akisimama juu ya baiskeli ya mbio, nyayo zote chini, yafaa kati yake na bomba la juu pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ile ya alumini ilitukaa kama suti iliyoshonwa kwa kipimo. Ya kijani ilituachia kidole kimoja. Tuliona uchungu hapo. Aidha rimu za chuma zenye kromi, zikilowa maji, breki hazizishiki sawasawa. Rimu za alumini zashika vizuri zaidi, na hili ni jambo la uhai, si la anasa. Fundi hakulikana. Alisema mvua ikinyesha mtu aanze kushika breki mapema, azikaushe rimu kwa kuzigusagusa, na kilima kikiwa kikali ashuke aende kwa miguu. Wazee wetu waliozipanda zile nyeusi walifanya hivyo hivyo, maana rimu zao zilikuwa za chuma pia. Lakini asijidai mtu kwamba dosari hiyo haipo.

Kijana mmoja wa ofisi yetu, tulipomsimulia, alitupinga kwa nguvu, na hoja yake yastahili kujibiwa. Alisema uzito ndio mambo yote. Baiskeli nyepesi hupanda kilima yenyewe. Tukazipima zote mbili kwa mizani ya mahindi: tofauti ilikuwa kilo 3. Sasa mwandishi wa haya ana kilo 68, na mkoba wake kilo 5. Mtu, mkoba na baiskeli nyepesi ya kilo 10 ni kilo 83. Kwa ile nzito ni 86. Tofauti haifiki 4 kwa mia, wala haitoshi kumfanya karani wa Endamarariek kuwa Girmay. Kinachosaidia kilimani ni gia. Phoenix ya kawaida kwa mzunguko mmoja wa pedeli humpeleka mtu mbele mita 5 na zaidi, apende asipende. Ndiyo maana watu huzisukuma vilimani. Ile ya kijani katika gia yake ndogo huenda mita 3 na kidogo, na katika kubwa karibu 8. Hapo alinyamaza, ingawa hatuamini kwamba ameridhika. Bado ana picha ya Kigali katika simu yake.

Na kwa haki twakubali ya kuwa hukumu yetu ni ya mahali petu. Barabara ya lami itokayo Makuyuni, ipandayo kutoka Mto wa Mbu, ipitayo Rhotia na Karatu hata lango la Ngorongoro, ni njia nyingine kabisa. Kama ofisi yetu ingekuwa Rhotia, na nyumba yetu Karatu, na fedha zetu zingetosha pasipo mlango wa pili, huenda tungeinunua ile ya alumini, tukaagiza kile kipande kilichopinda, na tungeiweka ndani wakati wa mvua. Baiskeli haina ubaya wake peke yake. Ubaya hutoka katika kuiweka mahali isipopajua. Kadhalika mwanachama wa kike avaaye sketi ya kazi hana faida katika yo yote ya hizi mbili, kwa ajili ya lile bomba la juu. Kwake hao Wajapani wa kikapu mbele ni bora, na yafaa chama kisiandike habari za baiskeli kana kwamba makarani wote ni wanaume.

Tulinunua ya kijani. Kwa kusimama sana mwenye duka alishuka hata shilingi 200,000, naye akaandika stakabadhi yenye jina lake, jina letu, na namba iliyopigwa chini ya fremu penye pedeli. Hapo pia mtu asione haya: mtumba usio na stakabadhi waweza kuwa mali ya jirani yako, na karani akikamatwa na mali ya wizi magazeti hayataandika kwamba alidanganywa. Tairi mbili kutoka Arusha zilikuwa shilingi 24,000, vipande vya breki 4,000, waya 3,000, kufuli na mnyororo 6,000, keria kuukuu 8,000. Hizo ni 45,000. Fundi tulimpa 5,000 zilizobaki, naye alisema ni chache, na ni kweli. Bahasha ikawa tupu, bila deni. Kwa nauli tuliyokuwa tukiilipa, fedha hizo zarudi kwa miezi mitano na kidogo. Ile ya alumini, pamoja na riba, pampu, kufuli na mpira wa akiba, isingepungua shilingi 375,000, nayo ingetaka karibu miezi minane, ikiwa masika ingekubali kutembea.

Sasa maoni yetu kwa chama. Mfuko wetu wa kusaidiana hutoa mikopo kwa misiba na kwa ada za shule, nayo ni haki. Lakini mwanachama apungukiwaye na shilingi 50,000 za chombo cha kumpeleka kazini hana mahali pa kwenda ila mlango wa pili. Twaomba kamati itenge fungu dogo kwa jambo hilo, likopeshwe bila kadi ya mtu kushikwa, lilipwe kwa miezi mitano, na sharti liwe kwamba fundi ameiona baiskeli kabla ya fedha kutoka. Twaomba pia chama kinunue pampu moja nzuri, funguo za kukazia, na tairi nne za akiba, viwekwe ofisini chini ya daftari la kutia sahihi. Mweka hazina amekwisha kutuambia kwa mdomo kwamba hakuna fungu. Twajua hakuna fungu. Ndiyo maana twaandika, ili liwepo. Gharama yake, kwa hesabu yetu, haizidi ile iliyotumika kwa soda na biskuti katika mikutano miwili ya mwaka uliopita, na kumbukumbu za mikutano hiyo tulizipiga chapa sisi wenyewe.

Ile ya alumini tuliiona tena Alhamisi iliyopita. Bado yaning'inia kwa kamba, na bei imeshushwa tena, sasa ni 290,000. Mwanachama akaaye kandokando ya lami, mwenye kimo cha wastani na fedha taslimu, aende akaitazame. Lakini aende na fundi, na kwanza akibonyeze kile kijiti cha gia cha kulia mara nne.